Yowe Lililoelekea Mtoni

Baba yangu alikuwa na mwili wa fahali na sauti ya msichana. Sisemi hivyo kumkosea adabu. Kila mtu kijijini kwetu Itiryo alisema hivyo, tena mbele yake, na yeye mwenyewe alicheka. Alikuwa golikipa wa timu ya kwetu kwa miaka mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye watoto saba. Akisimama kati ya nguzo zake mbili za mkaratusi, washambuliaji wa timu ngeni walimtazama na kupunguza mbio. Halafu akifungua kinywa kumwita beki arudi, ilitoka sauti nyembamba, kali, inayopanda mpaka kilima cha pili, na wageni waligeuka kutafuta ni mama gani ameingia uwanjani.

Mpira aliujifunza shule ya misheni, miguu mitupu, akawekwa golini kwa sababu alikuwa mkubwa na mzito. Biashara hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kubeba vitunguu kwa baiskeli mpaka Sirari, kisha ndizi, kisha mahindi, akavuka kwa shangazi yake aliyeolewa upande wa Kenya, akarudi na sabuni, chumvi na madaftari. Kila aliporudi alikuwa anaongea Kiswahili cha huko kwa siku mbili, mpaka mama amuulize kama mgeni huyu atalala au anaondoka. Nilipoanza shule tayari tulikuwa na duka la bati njia panda. Tulikuwa pia na kitu ambacho hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nacho, mpira wa ngozi. Uliishi kwetu, ukining'inia kwenye wavu juu ya magunia, na mama aliupaka samli usikauke. Mpira ukiishi kwako, vijana nao wanaishi kwako. Nimekulia katikati ya miguu yao.

Kisha dhahabu ikatoka. Siwezi kueleza vizuri jinsi nchi inavyobadilika kwa msimu mmoja. Mashamba ya mtama yaliyokuwa na njia za mbuzi yakawa na mashimo, maturubai, watu wa Usukumani na wa mbali zaidi, na vumbi la mawe yanayopondwa kutwa. Shimo la mchimbaji kwetu linaitwa duara, na mwenye duara ni mtu wa kusalimiwa mara mbili. Baba alipatana na ndugu yake mmoja, akapata duara shambani kwa huyo ndugu, juu kidogo ya mto.

Hakuajiri watu wa kuja. Aliingiza timu yake. Watu walimcheka, kwamba huyu sasa anataka kufunga magoli chini ya ardhi, lakini alikuwa na sababu yake na hakuibadilisha: mtu asiyejua kulinda nafasi yake uwanjani, chini ataua wenzake. Kazi ilikwenda kwa zamu. Watatu au wanne walishuka duarani, waliobaki walifanya mazoezi naye kwenye uwanja ulio bondeni kando ya mto, kisha walibadilishana. Mawe yalipokubali kutoa dhahabu, walinunuliwa jezi za kijani zenye kola. Wakaanza kualikwa mbali, mpaka Machochwe, ambako mechi ilisimama kipindi cha pili kwa sababu nyumbu walikatiza uwanja kutoka hifadhini na mwamuzi hakuwa na kadi ya kuwaonyesha. Nadhani hiyo ndiyo miaka baba alikuwa na furaha kamili. Alikuwa na vitu vyake viwili alivyovipenda, na alikuwa amevifunga pamoja kwa kamba moja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikipika pale duarani. Nilikuwa nimeshachumbiwa na watu wa Machochwe, hao hao wa nyumbu, na ng'ombe walikuwa waletwe baada ya mavuno. Mama alishaanza kunihesabia vyungu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana asiye wa kwetu hataelewa kilichotokea. Kwetu yowe ni la ng'ombe. Mtu akigundua zizi limevunjwa anapiga yowe, na anakimbia akilipiga kuelekea ng'ombe walikopelekwa. Anayesikia haulizi swali. Anaacha jembe, anaacha chakula, anaacha mgonjwa, anachukua upinde au panga na kukimbia kule yowe linakoelekea, na njiani naye analipiga ili wa kilima kinachofuata wasikie. Hivyo ndivyo nchi nzima inavyoamka kwa pumzi chache. Na mwenye kupiga yowe la uongo hasahauliki, hata wajukuu zake wataulizwa.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, baada ya mvua ya siku mbili. Asubuhi baba alishuka mwenyewe duarani, akagonga matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, moja baada ya jingine, akasema yako sawa. Wawili walishuka mapema baada ya kula. Wa tatu alikuwa beki wetu wa kulia, kijana wa jirani, mtoto wa pekee wa kiume wa mama yake, mwenye utani mwingi na miguu ya kupinda. Alichelewa. Alikula peke yake, akanitania kuhusu mahari yangu, akashuka. Baba na wengine walikuwa wameshakwenda bondeni kwenye mazoezi, maana Jumapili walikuwa wanacheza na timu ya ng'ambo ya mpaka.

Nilikuwa naosha sufuria. Sikusikia mlio wowote mkubwa. Niliona tu rundo la kifusi la duara la jirani, ambalo mvua ilikuwa imelilainisha, likisogea polepole kama ng'ombe mzee anayelala, na mdomo wa duara letu haukuwepo tena.

Nilipiga yowe. Nilipiga kama nilivyofundishwa tangu utotoni, kwa pumzi yangu yote, na nikakimbia kuelekea kwa baba. Na baba alikuwa mtoni.

Hilo ndilo kosa langu. Ningesimama pale pale na kupiga kelele, maduara ya jirani yalikuwa na watu arobaini wenye machepe na kamba, wangenikuta. Badala yake nilikimbia bondeni nikipiga yowe, na kila aliyesikia, juu ya vilima na ndani ya maduara, alielewa kitu kimoja: ng'ombe wameibwa na wanavushwa mto. Wachimbaji wale walikuwa wachungaji kabla ya kuwa wachimbaji. Walitupa zana zao. Wengine walikimbilia mazizi yao, wengi walikimbilia vivukoni na mapanga, wakilibeba yowe langu mbele zaidi. Sehemu ile iliyojaa watu kutwa ikabaki tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Hata vijana wa timu, waliponisikia, wengi waliuacha uwanja na kuelekea majini kabla sijafika. Baba peke yake aliutazama uso wangu badala ya kusikiliza sauti yangu, akauliza, nikamwambia.

Tulipanda kilima watu wanne. Tulichimba kwa chepe moja, karai na mikono. Mpaka watu wakagundua mtoni kwamba hakuna ng'ombe, mpaka wakarudi wakiwa na hasira na kuuliza, jua lilikuwa limesogea sana. Walipokuja walichimba vizuri, siwezi kuwasema. Wawili walitolewa hai, wamepauka kwa udongo. Beki wetu alitolewa wa mwisho. Mzee mmoja aliyemshika mkono alisema vidole bado vina joto. Natamani asingesema. Nimeishi na joto hilo.

Jioni ile, jua halijazama, baba aliniita nyuma ya duka. Alikuwa bado na udongo mpaka kwenye nyusi. Aliniuliza swali moja.

"Ulipiga ukielekea wapi?"

"Kwenu, tata," nilimjibu, kwa neno letu la baba. "Mtoni."

Alisugua viganja vyake. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

"Kesho wazee watakaa," alisema. "Utakalosikia limesemwa, usilisahihishe."

Mkutano wa wazee wa ukoo tunauita ritongo. Wanawake hawaketi pale, lakini hakuna sheria inayozuia mtu kuchambua kunde nyuma ya ua wa karibu, na siku ile kunde zilichambuliwa na wanawake wengi. Mzee aliyeongoza hakuzunguka. Alisema mtoto wa watu amekufa akiwa na wanaume arobaini karibu yake, kwa sababu wanaume wale walitumwa mtoni na yowe lisilo na ng'ombe. Akauliza nani alilipiga. Na mimi nilijua, huku nikiwa na ukunde mmoja mkononi, kwamba jina langu likitajwa, watu wa Machochwe watavunja uchumba siku hiyo hiyo, na nitakuwa yule msichana mpaka nizeeke.

Baba alisimama. Alisema alikuwa amepanda kutoka uwanjani kuangalia kazi, na mimi alikuwa amenituma nyumbani chumvi, akaona duara limefunga, akapoteza akili, akapiga yowe na kukimbilia vijana wake. Mzee mmoja akasema hapana, yeye alilisikia vizuri, lilikuwa yowe la kike. 

"Sauti yangu mnaijua," baba alisema. "Mmeicheka kila nikisimama golini."

Watu wachache walicheka, ingawa mahali palikuwa pa msiba, na kicheko kile ndicho kilimaliza kesi. Vijana waliokuwa uwanjani, walioniona kwa macho yao nikiteremka nikipiga yowe, walikuwa wamesimama pale wote na jezi zao zikiwa zimefuliwa na kuanikwa nyumbani kwetu. Hakuna aliyefungua mdomo. Hata mmoja, siku ile au miaka yote iliyofuata. Walikuwa wamefundishwa kulinda nafasi zao.

Wazee walimtoza fahali, akachinjwa na kuliwa kama desturi inavyotaka. Hilo halikumuumiza. Kilichomuumiza kilikuja baada ya hapo, kutoka kwa baba wa marehemu, aliyeomba jambo moja tu: mtu huyu asiwaongoze tena watoto wetu, si shimoni, si uwanjani. Wazee wakakubali. Baba akasema amesikia. Alirudi nyumbani, akaushusha ule mpira wa ngozi kwenye wavu wake, akamkabidhi nahodha mpya. Mama alitoka nje na kibuyu cha samli akampa yule kijana pia, kisha akaingia ndani na kulia. Baba hakusimama golini tena maisha yake yote, hata kwenye mechi za harusi ambako wazee hucheza kwa ajili ya kuchekwa.

Ng'ombe wangu waliletwa baada ya mavuno. Niliolewa. Kaka yangu aliyenifuata akaoa kwa ng'ombe hao hao. Watoto wa kaka yangu, wajukuu wake, wote wamepita kwenye mlango ule aliousimamia baba. Nayasema haya wazi kwa sababu watu hupenda kuamini kwamba uongo hauzai kitu.

Baba aliuza sehemu yake ya duara na kuhamia Tarime mjini, Bomani, akafungua duka la vifaa vya wachimbaji: kamba, machepe, makarai, tochi, mabuti ya mvua. Mume wangu alipofariki nilirudi kumsaidia, na ndipo nilipoikuta desturi yake mpya. Kila aliyenunua kamba alipewa filimbi ya bati bure, filimbi ya mwamuzi, imefungwa uzi wa kuvaa shingoni. Na alipewa pamoja na maneno, ambayo hayakubadilika hata siku moja. Yowe ni la ng'ombe, alisema kwa sauti ile nyembamba. Filimbi ni ya duara. Ukiona duara limefunga, piga hii, na usikimbie. Simama hapo hapo, upige mpaka watu wakukute.

Usikimbie, simama hapo hapo. Niliyasikia maneno hayo kwenye kaunta asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka. Hakuwa ananisema mimi. Hakuwahi kunitazama alipoyasema, na nadhani alichukua taabu kutonitazama. Wachimbaji wengine waliona ni uzee, wakaipokea filimbi kwa adabu na kuwapa watoto wao. Lakini wengine waliivaa. Leo ukipita machimboni utaona filimbi shingoni mwa mtu wa juu ya kila duara, na ukimuuliza imeanzia wapi atakuambia ndivyo inavyofanyika.

Tulizungumza mara moja tu. Alikuwa ameshaugua, kifua, na nilikuwa namnywesha uji. Nilimwambia, tata, niache niende kwa wazee niseme. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nikisema sasa nitamfanya mwongo mbele ya watu, na yeye ameshazoea kuwa mpumbavu, hawezi kujifunza kazi nyingine katika umri ule. Nilicheka naye. Nilimchukia kidogo pia, kwa kunibebea kitu changu mpaka kikawa chake.

Tulimzika Itiryo. Walikuja watu ambao sikuwategemea, wachezaji wale wa zamani, sasa wana vitambi na fimbo, na wachimbaji vijana wenye filimbi shingoni ambao hawakuwahi kumwona golini. Baada ya maziko nilikuwa nyuma ya nyumba, penye mafiga ya msiba, nikisimamia vyungu, na mama wa beki wetu akaja.

Nilikuwa sijakaa naye tangu siku ile. Kila nilipokuja nyumbani nilizunguka njia ya juu, yenye miiba, ili nisipite mbele ya ua wake. Alikuwa amezeeka sana, mdogo, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nikapiga goti, shikamoo mama. Akaitikia. Akatafuta kigoda, akakaa karibu na moto kama mtu aliyekuja kukaa.

"Siku ile nilikuwa napalilia mtama," alisema. "Nililisikia yowe. Nilijua ni lako."

Niliweka mwiko chini.

"Wewe ulikuwa ukiniita kila jioni kutoka ng'ambo ya kijito, unaomba moto. Nisiijue sauti yako? Baba yako aliposema ni yeye, nilimwelewa. Mimi nami ni mzazi. Nikasema, basi, binti atakuja mwenyewe. Nikakungoja."

Nilianza kuomba msamaha, nikaeleza kuhusu mto, na machepe, na watu arobaini. Alinyanyua mkono kidogo. Si hilo alilokuwa amelingojea. Aliniambia kwamba asubuhi ile walikuwa wamegombana. Alimkataza mwanawe kwenda duarani baada ya mvua, na kijana kwa hasira akaondoka akiuacha uji wake mezani, haujaguswa. Alikuwa amewauliza wale wawili waliotoka hai, nao wakasema walishuka kabla yake, hawajui. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuuliza, kwa sababu baba yangu alikuwa amesema mbele ya ritongo kwamba mimi sikuwepo, na kuniuliza kungefichua uongo wake. Ule uji aliumwaga siku ya tatu. Tangu hapo, miaka yote hiyo, hakuna asubuhi aliyokula akashiba.

"Alikula?" aliniuliza.

Ndipo nilipoelewa nilichomnyima kwa kuzunguka ile njia ya miiba. Si msamaha, kumbe. Jibu la neno moja, nililokuwa nalo tangu Alhamisi ile, na ambalo hakuna mtu mwingine duniani alikuwa nalo.

"Alikula, mama. Ugali na maharage. Akamaliza, akarudi kuniomba ukoko wa sufuria."

Alikaa akiutazama moto.

"Ukampa?"

"Nilimpa wote."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akalaza fimbo yake mapajani. Kisha akaniomba nimpakulie, na mimi nikachukua sahani.